Uzito wa Propela

Kwa miezi saba propela ya alumini ilikaa chini ya kitanda cha mama, huko Umoja, ndani ya katoni ndefu iliyozungushiwa seloteepu. Kila Jumamosi akipiga deki ilibidi aivute nje kwanza, aipanguse vumbi, kisha airudishe. Hakuwahi kulalamika kwa sauti. Aliniuliza tu, kila nilipoenda kumwona: "Hii bomba ya ndugu yako itatoka hapa lini?"

Ndugu yangu mdogo aliinunua akiwa bado mtu wa boda, anabeba vifurushi vya watu kutoka mjini hadi mitaani. Aliweka akiba mwaka mmoja na nusu, akalipa shilingi 62,000 kwa kitu ambacho majirani walidhani ni bomba la maji. Wiki tatu baadaye visa yake ya Qatar ikatoka. Akaondoka na begi moja. Mimi akaniachia ufunguo wa Mark II ya 2003, iliyoshushwa mpaka kidole changu hakipenyi kati ya tairi na bodi, pamoja na ile katoni. Alikuwa amenunua, hakuwahi kufunga.

Ili aende, mama alikopa kwenye chama. Pesa za ajenti, vipimo vya hospitali, tiketi, zote zilitoka kwa akina mama kumi na wanane wanaokutana Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kufikia Agosti deni lilikuwa limebaki shilingi 48,000, na wenzake walikuwa wameanza kumuuliza kwa upole. Anayejua chama anajua upole huo ni mbaya kuliko kelele.

Basi wiki moja nikapata simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mama: "Uza hicho chuma, tupunguze deni." Ya pili ya ndugu yangu, usiku, ametoka tu shifti ya kuendesha basi la wafanyakazi huko Doha: "Sista, nifungie propela. Likizo yangu ni Desemba. Nataka nikitoka eapoti nipande gari yangu nisikie vile inaenda."

Hakuna aliyekuwa anaongea upuuzi. Mama alikuwa akiongea juu ya heshima yake mbele ya wenzake. Ndugu yangu alikuwa akiongea juu ya kitu kimoja alichoacha nyumbani ambacho si deni. Mimi ni karani wa hesabu katika Eneo la Viwanda. Kazi yangu ni kuangalia kama safu mbili za nambari zinakubaliana, na zisipokubaliana, kutafuta ni wapi zilikoachana. Nikaanza na hiyo.

Jumatatu saa ya lanchi nilishuka Grogan. Jina lake rasmi ni barabara ya Kirinyaga lakini sijawahi kusikia mtu anayetafuta spea akiiita hivyo. Nilikuwa na picha kwenye simu. Muuzaji wa kwanza alidhani ni ya lori. Wa pili aliiangalia vizuri, akavuta picha kwa vidole viwili, akaniambia ukweli: "Madam, hii ni ya gari moja tu. Imekatwa urefu wa Mark II, mdomo wake ni wa giaboksi ya Mark II. Nikikupea elfu 20 nimekusaidia." Wa tatu alisema 18. Yaani kuuza kungetupotezea shilingi 42,000 na bado deni lisifike nusu.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu majina. Ukimwambia fundi wa Nairobi "draivu shafti", atakuletea ile fupi inayotoka kwa difu au giaboksi kwenda kwa gurudumu. Ile ndefu inayopita chini ya tumbo la gari, kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, hapa ni propela. Wamarekani wanaiita ile ndefu draivu shafti, ndiyo maana ndugu yangu alimtumia muuzaji picha tatu kabla ya kulipa, asije akaletewa kingine.

Propela ya Mark II ikitoka kiwandani ni ya chuma, na ni vipande viwili. Vimeunganishwa katikati, na hapo katikati kuna beringi iliyovalishwa mpira, imening'inizwa kwenye bodi. Nilikuwa nadhani Toyota walifanya hivyo kwa ubahili. Sivyo. Kitu kirefu kinachozunguka kwa kasi hutaka kupinda katikati, kama kamba ya kuruka ya watoto. Kila shafti ina mwendo ambao ikiufikia inaanza kujirusha hivyo, na ukirefusha shafti mara mbili, mwendo huo unashuka hadi robo. Ukiikata vipande viwili vifupi, umelitatua jambo, ila umeongeza krosi moja, beringi moja na mpira mmoja, vyote vya kuzeeka.

Propela ya ndugu yangu ni bomba moja, nene, bila beringi ya kati. Watu husifu alumini kana kwamba ina dawa ndani. Alumini ina karibu theluthi moja ya uzito wa chuma, lakini pia ina karibu theluthi moja ya ugumu wake wa kukataa kupinda. Ukitengeneza bomba lilelile kwa alumini, litaanza kujirusha karibu na mwendo uleule wa lile la chuma. Kinacholisaidia kuwa kipande kimoja ni unene wake. Uzito mdogo ndio unaokuruhusu kulinenepesha bila kulipa kwa kilo.

Jumamosi nikaipeleka katoni Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja ambaye madereva wa matatu wa mtaa wetu wamekuwa wakimpelekea propela zao tangu nikiwa shule ya msingi. Hakuwa amewahi kufunga ya alumini. Aliitoa kwenye katoni, akaibeba kwa mkono mmoja, akacheka.

"Hii ni nyepesi kama mtoto wa miezi miwili."

Kisha akaiweka juu ya gunia, taratibu kweli, akamfukuza kijana aliyetaka kuibana kwenye vaisi. "Hii ikiingia denti hata moja haitengenezwi. Ya chuma ningeigonga. Hii unaitupa." Akaniuliza: "Gari imeshuka?"

"Imeshuka, Mzee."

"Basi kwanza tuone vile imekaa. Propela ni ya mwisho."

Vijana wa magari ya chini wana imani moja, nami niliibeba hadi pale: kwamba ukishusha gari, propela inainama vibaya, kwa hivyo lazima uibadilishe. Mzee alilala chini ya gari, akanivuta na mimi nikalala kando yake juu ya boksi lililokunjuliwa, akanionyesha kwa tochi ya simu. Kwenye gari kama Toyota DX ya zamani, au pikapu, ekseli ya nyuma ni mti mmoja, na difu imekaa katikati ya huo mti. Ukibadilisha springi, mti unahama na difu inahama nao. Pembe ya propela inabadilika, hata urefu wake unabadilika. Lakini Mark II haina huo mti. Difu yake imefungwa kwenye fremu ndogo iliyoshikana na bodi. Magurudumu yanapanda na kushuka yenyewe, kila moja na draivu shafti yake fupi. Bodi ikishuka sentimita sita, difu na giaboksi vinashuka pamoja nayo, na propela iliyo kati yao haijui kitu.

"Zilizoumia ni hizi," akasema, akigusa draivu shafti. Zilikuwa zimeinama kuelekea juu zikitoka kwa difu, na buti moja ya mpira ilikuwa imepasuka na kutema grisi ndani ya rimu. Hiyo ndiyo bei ya kushusha, na ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Propela nayo ilikuwa na shida, lakini haikutokana na kushushwa. Mpira wa beringi ya kati ulikuwa umechanika; ungeweza kuusukuma kwa kidole gumba. Ndiyo ile sauti. Mtu yeyote aliyewahi kupanda gari la ndugu yangu anaijua: ukifika kilomita 80 kwa saa, sakafu inaanza kunguruma kama friji kuukuu, na ukiondoka kwenye taa za barabarani kunakuwa na mgongo mmoja, du, kama mtu amepiga kiti chako teke.

Pia maunti ya giaboksi ilikuwa imekufa. Huo ni mpira mwingine, unaobeba mkia wa giaboksi, na ulikuwa umebonyea kwa uzee. Hapa ndipo Mzee aliponifundisha kitu ambacho kimenikaa.

Propela hushikwa kila mwisho na krosi, kile kiungo cha msalaba kinachoiruhusu kuinama huku ikizunguka. Krosi ina tabia moja mbaya. Ikiwa imeinama, haipitishi mwendo sawasawa. Upande unaosukuma unaenda mwendo mmoja, upande unaosukumwa unaharakisha na kupunguza, mara mbili kila mzunguko. Kwa pembe ndogo husikii. Kwa pembe kubwa, mwili mzima wa gari unatetemeka. Dawa yake si kuondoa pembe. Dawa ni krosi ya nyuma iiname sawa na ya mbele, ili kila ya kwanza inapoharakisha, ya pili ipunguze, na kinachofika kwa difu kiwe laini. Hilo linawezekana tu kama mkia wa giaboksi na pua ya difu vinaelekea sambamba.

Ya kiwandani, kwa kuwa na krosi zaidi na vipande viwili, inavumilia mengi. Ya kipande kimoja ina nafasi mbili tu za kukosea.

Tulipima kwa simu yangu. Kuna programu ya pima-maji ndani yake, ile ambayo watu hutumia kutundika picha ukutani. Giaboksi: nyuzi 4.5 kuelekea chini. Difu: nyuzi 2. Tofauti ya 2.5. Mzee akatikisa kichwa. "Tukifunga hivi itaimba." Ilibidi maunti mpya, na pengine kibati chini yake, tuinue mkia wa giaboksi mpaka vikaribiane, tofauti isizidi nyuzi moja.

"Si tungenyoosha tu kila kitu, Mzee? Pembe iwe sufuri?"

"Apana. Ndani ya krosi kuna vijiti vidogo kama sindano. Krosi isiyoinama hata kidogo, sindano zake hazizunguki. Zinakaa palepale, zinachimba shimo. Lazima iiname kidogo ndio iishi."

Aliisema huku akitafuta spana ya 14, bila kuniangalia. Nilitaka kuiandika mahali lakini mikono yangu ilikuwa na grisi.

Propela ya zamani ilitoka mchana. Kabla haijaanguka kwenye jeki, Mzee alipaka alama ya rangi nyeupe kila pale viungo vilipokutana, kwa sababu kama ingetakiwa kurudi, ingerudi vilevile ilivyokuwa. Propela hupimwa na kusawazishwa ikiwa nzima. Kwenye ile mpya kulikuwa na vibati viwili vidogo vimeunganishwa kwenye bomba. Kijana wake alitaka kuvibandua akidhani ni uchafu wa kiwandani. Ndivyo vinavyoisawazisha.

Karibu na hapo kuna muuza vyuma chakavu mwenye mizani. Nikamwomba. Ya zamani: kilo 11.6. Mpya: kilo 6.3. Nikaandika kwenye simu: 5.3.

Usiku ule nilikaa na hiyo nambari. Ndugu yangu alikuwa ameniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma maandiko, kwamba kilo moja inayozunguka ni sawa na kilo kumi zilizotulia. Nimesikia hivyo mara nyingi pale vijana wanapopaki magari yao Jumapili jioni. Si kweli kwa propela. Kitu kinachozunguka kinadai nguvu kulingana na umbali wa uzito wake kutoka katikati. Uzito wa propela umeshikilia katikati kabisa, sentimita tatu au nne tu kutoka kwenye mhimili, na ile mpya, kwa kuwa nene, imeusogeza uzito wake nje kidogo na kurudisha sehemu ya faida. Nilipopiga hesabu, faida ya kuzunguka haikuongeza hata kilo mbili juu ya zile 5.3. Kwa jumla, ndugu yangu alikuwa amelipa shilingi 62,000 kuondoa uzito wa pakiti tatu za unga wa ugali.

Kisha nikakumbuka rimu. Mark II ile ilikuwa imevaa rimu za inchi 18, za kung'aa, nzito. Za kiwandani, inchi 16, zilikuwa kwenye roshani ya mama, gunia la makaa limewekwa juu yake. Jumapili nikatoa gurudumu moja la kila aina, nikalipeleka kwa yule wa mizani. La 18 na tairi yake: kilo 24.5. La 16 na tairi yake: kilo 17.9. Tofauti ya 6.6, mara nne, ni kilo 26.4. Na hizi uzito wake mwingi uko pembeni, mbali na katikati, pale ambapo kuzunguka kunagharimu kweli. Alichokitoa chini ya gari mara moja, alikuwa amekirudisha mara tano kwenye magurudumu. Chini ya gari hakuna anayekiona. Magurudumu kila mtu anayaona.

Nilimpigia. Nilimsomea nambari zote, moja baada ya nyingine, kama ninavyomsomea bosi wangu mwisho wa mwezi. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani intaneti imekatika.

"Kwa hivyo nilinunua pakiti tatu za unga."

"Tatu hivi. Na ukimya. Ile sauti ya 80 itaisha."

"Sista, unajua kwa nini niliinunua?"

"Wepesi."

"Zii. Wepesi ni ile story ya kuambia maboi." Akanyamaza tena. "Kila kitu kwa hiyo gari kilikuwa cha mtu kabla yangu. Gari yenyewe iliendeshwa na Mjapani. Rimu nilitoa kwa jamaa wa Buruburu. Shoki, za mtu. Hata simu niliyokuwa nayo, ya mtu. Hiyo propela ndiyo kitu cha kwanza nilifungua kwa boksi. Ilikuwa na karatasi, Sista. Ilikuwa na ile karatasi ya plastiki juu yake."

Nilikuwa nimeketi ndani ya gari lake, nje ya nyumba ya mama. Sikuwa na la kusema kwa sababu ilikuwa kweli. Toyota iliacha kutengeneza Mark II mwaka wa 2004, ikaleta Mark X. Kila moja inayotembea Nairobi ina historia ya watu wawili, watatu, wanne, na kila kijana anayeinunua huanza kwa kuibadilisha ili ifanane na yeye. Kushusha gari hakulifanyi kuwa bora kwenye barabara zetu. Kunalifanya kuwa la mtu fulani. Ukiliona kwa mbali, limekaa chini, linavuka tuta kwa pembe kama kaa, unajua ni la nani. Hilo halimo kwenye mizani yoyote ya Kariobangi.

"Basi propela inabaki," nikamwambia. "Lakini rimu zinaenda."

Alipiga kelele. Aliniambia nisiguse rimu. Aliniambia bora niuze injini. Aliniita majina ambayo mama hapaswi kusikia. Nikamsubiri amalize, kisha nikamwambia kuhusu Jumapili ya kwanza ya mwezi, jinsi mama siku hizi anafika kwenye kikao amechelewa makusudi, baada ya kufunguliwa kwa sala, ili asikae sana kwenye ile sehemu ya mazungumzo. Hakujua. Mama alikuwa amenikataza kumwambia.

"Uza," akasema.

Rimu za 18 na tairi zake zilienda kwa shilingi 46,000 kwa kijana wa Donholm aliyekuja na marafiki watatu na kuzipiga picha kabla hata hajalipa. Niliongeza 2,000 zangu. Mama hakuuliza zimetoka wapi. Alizihesabu, akazifunga kwenye leso, akaniambia tu: "Mwambie mtoto asante." Ni miaka sasa hajamwita mtoto.

Jumamosi iliyofuata tukafunga. Maunti mpya iliinua mkia wa giaboksi mpaka nyuzi 3. Mzee akaweka kibati cha unene wa milimita chache, tukapata 2.5 dhidi ya zile 2 za difu. Propela yenyewe ikalala kwa nyuzi 1 katikati yao. Kwa hivyo krosi ya mbele inainama nyuzi 1.5, ya nyuma 1. Zinainama, si nyingi, na zinakaribiana. Mzee aliangalia simu yangu, akaangalia propela, akarudi kuangalia simu. "Hii kitu yako inajua," akasema, na nadhani ilikuwa ni sifa kwangu pia.

Mdomo wa mbele, ule wenye meno, uliingia kwenye giaboksi, ukasukumwa hadi mwisho, kisha ukarudishwa nyuma sentimita mbili na nusu. Nafasi hiyo lazima ibaki. Giaboksi na difu vimekaa kwenye mipira, vinahama kidogo gari likivuta. Ukiijaza nafasi yote, propela itakuwa inasukuma beringi za giaboksi kila unapokanyaga mafuta. Bolti nne za nyuma zilikazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa mpangilio wa msalaba, si kwa kukadiria.

Kisha likaja suala la kushuka. Kwa kuwa gari lilikuwa limekwangua matuta ya mtaa mzima, bomba la ekzosi lilikuwa limesukumwa juu kidogo kidogo. Kwa propela nyembamba ya zamani halikuwa tatizo. Kwa hii nene, kidole kimoja hakikupita kati yao. Tuta moja zaidi na bomba lingegusa alumini inayozunguka. Kwa kilomita 80 kwa saa, kwa tairi zile na difu ya uwiano wa 4.1, propela huzunguka zaidi ya mara 2,700 kwa dakika, karibu mara 46 kila sekunde. Hutaki kitu chochote kiiguse. Tukalinyoosha ekzosi, na Mzee akazungusha zile shoki za kurekebishwa, akainua gari sentimita mbili pande zote. Draivu shafti nazo zikapumua, na buti mpya ikavalishwa.

Sentimita hizo mbili zilinigharimu simu nyingine ya dakika arobaini. Ndugu yangu alidai picha kutoka kando, gari likiwa juu ya sakafu tambarare, na rula. Alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba nisiwaambie maboi.

Kitu cha mwisho Mzee alikifanya bila kuulizwa. Alikata chuma bapa, akakikunja mfano wa herufi U, akakitoboa na kukifunga chini ya propela, karibu na mwisho wa mbele, bila kuigusa. Nikamuuliza kazi yake.

"Krosi ya nyuma ikikatika, propela inaburuta tu. Ya mbele ikikatika, inaanguka, inachomeka kwa lami, na gari inapanda juu yake kama mtu anaruka na mti. Nimeona matatu moja." Hakusema iliishiaje, nami sikumuuliza. Alikaza nati, akalitikisa lile chuma kwa mikono miwili, akaridhika. Lilikuwa na kilo moja hivi. Kwa hivyo toa pakiti nusu kwenye zile tatu.

Tulitoka kupitia Outer Ring hadi Thika Road, mimi nikiendesha, Mzee kando yangu amevaa mkanda na kushika kofia yake mapajani. Kwenye 40 hakuna kitu. Kwenye 60 hakuna kitu. Nilipokaribia 80 mwili wangu ulijikaza wenyewe, ukingojea ile friji. Nikapita. Mzee alitoa mkono kwenye kofia akauweka kwenye sakafu, karibu na gia, kiganja kimefunguka, kama mtu anayempima mtoto homa. Akakaa hivyo hadi tukapita Roysambu.

"Imelala," akasema.

Nilikuwa nimerekodi sauti kwenye simu kuanzia Outer Ring. Nikamtumia ndugu yangu. Alisikiliza dakika zote tisa, najua kwa sababu alijibu baada ya dakika kumi na moja. Aliuliza kama ni mimi nilikuwa nakohoa pale katikati. Nikamwambia ni Mzee. Kisha akaandika kwamba ameisikia ile taa ya kugeuka ikilia, tik tik tik, na kwamba hajawahi kuisikia kwenye gari lile akiwa barabarani.

Likizo yake imesogezwa hadi Februari. Kila Jumapili ninaliwasha gari lake na kulizungusha mtaani, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ninampeleka mama kwenye kikao. Siku hizi anafika mapema. Bado analalamika akishuka, kwa sababu hata na zile sentimita mbili ni lazima ashike mlango kwa mikono yote miwili na kuvuta pumzi kwanza. Chini ya kitanda chake sasa kuna viatu.

Ndugu yangu ameniambia akirudi atanunua rimu nyingine. Nyepesi, anasema, ameshaziona. Nimemwambia sawa, lakini tutapitia Kariobangi kwanza, kwa yule mtu wa mizani.